Jina la Rangi na Rangi Yenyewe: Funzo Kutoka Karakana ya Magari ya Kale

Mtu anapomwambia fundi, «Nipakie rangi nyeupe», hudhani amesema yote. Kumbe hajasema hata nusu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine twazitaja kwa majina ya vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa. Katika mazungumzo majina hayo yatosha. Katika karakana hayatoshi, hasa gari la kale linapobadilishwa mlango mmoja nao ukatakiwa ulingane na mwili mzima.

Tuchukue Volkswagen ya miaka ya 1960, ile iitwayo Coccinelle kwa Kifaransa. Kiwanda kiliipa kila rangi jina na namba. Rangi L87 iliitwa kwa Kijerumani Perlweiss, yaani nyeupe ya lulu. Ndiyo ya gari lililovuma katika filamu The Love Bug ya mwaka 1968. Jina lasema nyeupe, lakini jicho laona weupe ulioelekea rangi ya maziwa mazito. Mwenye kupaka mlango weupe wowote wa dukani atapata gari lenye kiraka. Hivyo, kwanza hutafutwa namba, si jina.

Hata hivyo, namba nayo ina mpaka wake. Yaeleza rangi ilivyotoka kiwandani, si ilivyo leo, baada ya jua na mvua za miaka zaidi ya 50. Hapo mwenye gari hana budi kuamua: ataka gari lilivyokuwa, au lilivyo? Akitaka lilivyokuwa, ni afadhali apake gari zima. Akitaka lilivyo, mlango mpya sharti ufuate umri wa gari. Magomvi ya fundi na mteja huweza kuzuka kwa sababu swali hilo halikuulizwa kabla ya fedha kutolewa.

Rangi ya asili hutafutwa mahali jua lisipofika: chini ya gurudumu la akiba au nyuma ya pambo la ndani la mlango. Rangi ya leo hupimwa juu ya bati la nje, baada ya kung'arishwa hadi ukungu wa uchakavu utoke. Kipimo hufanywa kwa spektrofotomita, chombo kinachopima mwanga unaorudishwa na rangi. Matokeo huandikwa kwa tarakimu tatu, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1976 na Tume ya Kimataifa ya Mwanga (CIE): moja ya weupe na weusi, ya pili ya wekundu na ukijani, ya tatu ya umanjano na ubuluu.

Bado kuna mtego. Baadhi ya rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo leo yamewekewa vizuizi katika nchi nyingi kwa kuwa ni sumu. Kwa sababu hiyo pia, rangi kuukuu isisuguliwe ikiwa kavu, vumbi lisije likavutwa puani. Rangi ya leo hutengenezwa kwa viungo vingine. Basi, rangi mbili zaweza kulingana juani, zikatofautiana chini ya taa. Hali hiyo huitwa metamerisimu.

Kwa hiyo, fundi mwangalifu hupuliza rangi kwanza juu ya kadi, kwa idadi ileile ya matabaka, akaiacha ikauke, maana rangi mbichi si sawa na rangi kavu. Kisha huilinganisha na bati kivulini, juani na chini ya taa, akitazama kutoka pande mbalimbali.

Kadi hiyo ikikubaliwa na wote wawili, ndiyo mkataba wao. Jina la rangi hutuwezesha kuanza mazungumzo. Kuyamaliza ni kazi ya macho mbele ya kadi.