Kipande cha Sufu Kinachoituliza Piano

Chanzo kilikuwa majirani. Nils Frahm, mpiga piano wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1982, alipenda kupiga usiku nyumbani kwake Berlin, na piano si chombo cha kunong'ona. Akatandaza kitambaa kizito cha sufu kati ya nyundo na nyuzi, akaingiza maikrofoni ndani kabisa, karibu zigusane na nyundo, akaanza kurekodi. Albamu iliyozaliwa humo mwaka 2011 aliiita Felt, jina la kitambaa hicho.

Mtu akiisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni anasikia mengi yasiyo muziki: mbao zinalia, vibao vinarudi mahali pake, mpigaji anavuta pumzi. Studio za kawaida hutoa jasho kuyaondoa hayo. Hapa yameachwa makusudi, na leo kuna kundi zima la wanamuziki wanaorekodi hivyo, katika muziki unaoitwa klasiki mpya.

Kwa nini sufu ibadilishe mambo kiasi hicho? Ndani ya piano, kila kibao kinapobonyezwa hurusha nyundo ndogo inayogonga uzi wa chuma na kurudi papo hapo. Vibao viko 88, lakini nyuzi zinakaribia 230, kwa kuwa noti nyingi zina nyuzi tatu tatu. Uzi mmoja nao hautoi sauti moja. Ule unaotetema mara 440 kwa sekunde hutetema pia, kwa wakati huohuo, takriban mara 880, 1,320, 1,760 na kuendelea, na sauti hizo za juu ndizo zinazoipa piano ukali wake. Nyundo ngumu hugusa uzi kwa muda mfupi mno, hivyo sauti za juu zinapona. Nyundo laini, au iliyokingwa na sufu, hukawia kidogo tu pale kwenye uzi, na kule kukawia kunazizima. Anayetaka ushahidi aigonge sufuria kwa kijiko cha chuma, kisha kwa mwiko.

Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa sauti za mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, yaani eneo lilelile linalopunguzwa na sufu. Isitoshe, sauti inayoanza ghafla humshtua mtu kupitia shina la ubongo, kabla hata hajatambua amesikia nini. Kitambaa huilainisha ile ncha ya mwanzo wa kila noti.

Ujanja wenyewe si mgeni. Piano nyingi za kuegemeza ukutani zina pedali ya katikati inayoshusha kipande cha kitambaa mbele ya nyuzi ili mwanafunzi afanye mazoezi bila kukera nyumba nzima. Jipya lilikuwa kuona kwamba sauti ile ya mazoezi ina uzuri wake. Mwaka 2014 fundi David Klavins alikwenda mbali zaidi, akamtengenezea Frahm piano yenye uzi mmoja tu kwa kila noti, isiyofikisha hata kilo 100.

Sasa je, muziki huu unatuliza kweli, au ni mazoea ya mtindo? Mwaka 2006 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu 24, nusu yao wanamuziki. Walisikilizishwa muziki wa aina sita, kuanzia raga ya Kihindi hadi tekno. Hakukuwa na Frahm wala mwenzake wa klasiki mpya, Einaudi. Kasi ya muziki ndiyo iliyotawala: wa haraka uliongeza pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hata kama msikilizaji hakuupenda. Kilichowashangaza watafiti ni kimya cha dakika mbili kilichochomekwa katikati. Hapo mwili ulitulia kuliko ulivyokuwa kabla muziki haujaanza. Wanaoacha orodha ya nyimbo ijiendeshe usiku kucha bila pumziko huenda wanajinyima sehemu tamu zaidi.

Kuhusu usingizi, mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya tafiti 13 zenye washiriki 1,007, yalionyesha kwamba muziki uliorekodiwa huboresha usingizi kwa watu wazima wenye shida ya kulala. Mtunzi Max Richter alikuwa ameshafika huko kwa njia yake: Sleep, kazi yake ya mwaka 2015, inachukua zaidi ya saa nane, na katika maonyesho yake wasikilizaji hupewa vitanda.

Hata hivyo, sifa ya utulivu isibandikwe kwa wanamuziki hawa kama lebo ya dawa. Katika albamu ya Spaces ya mwaka 2013, Frahm ana kipande kiitwacho Says. Kinaanza kwa upole, kinajivuta dakika kadhaa, halafu mwishoni kinalipuka kwa kishindo. Hicho si cha kuwekwa na mtu aliyekwisha kuzima taa.