Kipepeo wa Mlimani na Majani ya Watoto Wake

Ndugu msomaji, siku ukipanda mlima asubuhi, iwe unaenda shambani au kwenye machimbo, simama kidogo pembeni ya msitu jua likishatoka. Ukibahatika utaona kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye madoadoa meusi. Wataalamu wanamwita Issoria baumanni; jina la baumanni alipewa mwaka 1894, kwa heshima ya msafiri Oscar Baumann wa Austria. Anaishi Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda, hata Kameruni. (Ndugu yake wa Kenya na Tanzania anabeba jina la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885.)

Mtoto mmoja aliniuliza: “Pasta, ile kidudu inakulaka nini?” Swali zuri! Kipepeo mwenyewe anakunywa tu maji matamu ya maua, na hapo hachagui sana. Anayekula ni kiwavi, mtoto wake, naye anataka violeti ya mlimani: mmea mdogo unaotambaa, wenye majani mfano wa moyo na ua dogo la urujuani hafifu.

Basi hata ukipanda maua ya kila rangi mbele ya nyumba, kipepeo huyu atakunywa na kwenda zake. Msitu ukigeuzwa malisho, au kilima kikichimbwa mpaka udongo wa juu ukaisha, violeti inapotea, na viwavi wanakosa chakula. Masisi tunaijua milima ya namna hiyo. Wewe unayelima karibu na msitu, ukipalilia, achia ile mimea ukanda wenye kivuli pale pembeni. Maharagi yako hayatapungukiwa kitu.