Mguu wa Kushoto Ndio Wenye Kazi

Ukitaka kujua nani atashinda mbio za dragi, usihangaike kutazama mwisho wa njia, huko ambako magari yanapita kwa kasi ya kutisha. Tazama mita 18 za kwanza. Njia nzima ina mita 402, yaani robo maili, lakini kwenye karatasi anayokabidhiwa dereva baada ya kukimbia, namba ambayo mafundi huisoma kabla ya nyingine zote ni muda wa kufikia futi 60. Kwa hesabu yao ya mazoea, sehemu moja ya kumi ya sekunde ikipotea hapo, mwishoni itakuwa imekaribia kuzaa mbili. Na hakuna gari linalopoteza muda huo kirahisi kama gari la turbo lenye gia za mkono.

Sababu ni kwamba turbo haina nguvu yake yenyewe. Ni mapanga mawili kwenye shafti moja: la kwanza linazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, la pili linashindilia hewa iingie. Mswisi Alfred Büchi alisajili wazo hilo mwaka 1905, na mpaka leo kanuni haijabadilika. Ikichanganya, shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Lakini ili ichanganye inataka moshi mwingi wenye joto, na moshi wa namna hiyo hutoka injini ikiwa imebeba mzigo. Gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, injini haibebi kitu. Kanyaga mafuta mpaka mshale ufike 5,000. Kelele utazisikia, ila geji ya turbo itasogea kidogo tu.

Mwenye otomatiki ana ujanja wake. Mguu wa kushoto unabana breki, wa kulia unakanyaga mafuta, injini inahangaika kusukuma gari lililozuiwa, na turbo inaamka kabla magurudumu hayajasogea. Mwenye gia za mkono ana pedali tatu na miguu miwili.

Mahali pazuri pa kuona watu wakipambana na hesabu hiyo ni Santa Pod, nchini Uingereza, njia iliyofunguliwa mwaka 1966 kwenye uwanja ambao ndege za kivita za Wamarekani zilikuwa zikiruka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuna siku ambazo raia wa kawaida hulipa kiingilio, akapanga foleni na gari lake analoendea kazini. Utaikuta Subaru Impreza, nyuma yake Mitsubishi Evolution, nyuma yake gari dogo la sokoni ambalo mwenyewe anajua halina ubavu, lakini amekuja.

Mstarini kuna miale miwili inayokatiza njia, karibu kabisa na lami. Tairi la mbele likiukata wa kwanza, taa inawaka kukuambia umekaribia. Likiukata wa pili, uko tayari. Hapo taa tatu za njano zinashuka, nusu sekunde baina ya moja na nyingine, kisha kijani. Utaratibu huo wa taa ulianza Marekani mwaka 1963, kuchukua nafasi ya mtu aliyekuwa akisimama na bendera. Una jambo moja ambalo wageni huchelewa kulifahamu: saa ya gari lako haianzi kuhesabu kijani kikiwaka. Inaanza tairi likiuacha mwale. Anayejifunza anaweza basi kukiacha kijani kiwake, akatulia, akapanga mizunguko ya injini anavyotaka, ndipo aondoke, na muda wake usiharibike hata chembe. Mpinzani wake, bila shaka, atakuwa ameshafika mbali.

Sasa klachi. Wengi hudhani adui ni tairi kuteleza, na kwa Toyota Supra ya zamani, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hawajakosea: huyo atapasha moto matairi yake kwanza, atapunguza upepo, na ataondoka kwa adabu. Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele lina balaa lake, maana likiondoka uzito wote unakimbilia nyuma, yaani unayakimbia magurudumu yenye kazi. Impreza na Evolution zina taabu iliyo kinyume. Zinashika mno. Magurudumu yote manne yanasukuma, na lami ya mstarini imenyunyiziwa dawa ya kunata. Achia klachi yote ukiwa na mizunguko 3,000, na injini itaburuzwa chini, turbo italala, gari litajikokota mita kadhaa likitafuta pumzi. Achia yote ukiwa na 6,000, na hapo lazima kitu fulani kisalimu amri. Tairi likikataa, kitasalimu chuma.

Ufundi uko katikati. Injini inashikiliwa pengine kwenye 4,500 au 5,000. Klachi inaletwa haraka mpaka pale inapoanza kuuma, kisha inazuiliwa hapohapo ikiteleza, kwa muda usiofika hata sekunde nzima mara nyingi, huku mguu wa kulia haupungui. Kule kuteleza ndiko kunakoitwika injini mzigo bila kuizamisha, moshi unaongezeka, turbo inapanda, na klachi inapokuja kushika kabisa gari tayari lina nguvu ya kujibeba. Gharama inalipwa na klachi yenyewe, na harufu yake haifichiki. Ukiwa nyuma kwenye foleni utajua dereva wa mbele amekosea kabla hujaona muda wake ubaoni.

Kompyuta zimekuja kusaidia. Mafundi hufunga mpangilio unaozuia mizunguko isipite kiwango fulani gari likiwa limesimama, hata ukikanyaga mafuta mpaka chini. Kompyuta hukata moto wa plagi kwa zamu na kuuchelewesha, hivyo mafuta yanaungua wakati vali za kutolea moshi zinafunguka. Mlipuko unahamia kwenye eksozi, joto linaipiga turbo, nayo inazunguka ingawa gari halijasogea. Ndiyo ile milio kama ya bunduki. Kwenye mstari wa dragi ina maana, na hata huko hutumika kwa sekunde chache, kwa sababu vali na turbo havikuumbwa kula moto wa namna ile. Kijana anayeipiga milio hiyo kwenye foleni ya magari Thika Road, Nairobi, anachoma turbo yake bure, na usingizi wa watu juu yake.

Klachi ni kitu cha kununuliwa na kubadilishwa. Giaboksi ni habari nyingine. Ile ya gia tano ya Impreza ina sifa mbaya kwa kumeguka meno ikishtuliwa, ndiyo maana wenye nia ya kweli hutafuta ya gia sita iliyokuja na STI, toleo kali la gari hilohilo. Evolution husifiwa kwa giaboksi ngumu, na hapo maumivu huhamia kwenye klachi. Fundi yeyote wa Kirinyaga Road, Nairobi, atakueleza tofauti ya bei kati ya matatizo hayo mawili bila kufungua daftari.

Kwa dereva wa Nairobi kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Uingereza havilitaji: hewa. Kwenye mwinuko wa jiji hilo, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Wamarekani walikuwa na njia ya dragi kwenye mwinuko unaokaribiana na huo, Bandimere, karibu na Denver, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1958 hadi 2023. Watu husema turbo haijali mwinuko, na mara inaposhindilia hewa vizuri usemi huo una ukweli mwingi. Ila kabla ya hapo unayo injini ya lita mbili tu, inayopumua hewa pungufu na kutoa moshi pungufu, na turbo inachelewa kuamka. Mizunguko iliyotosha Mombasa haitatosha Nairobi, na anayebeba mazoea ya pwani hadi bara atajikokota mstarini akidhani gari lina ugonjwa.

Magari yenyewe ya turbo na pedali tatu yanaisha. Nissan GT-R ilitoka mwaka 2007 bila pedali ya klachi. Mitsubishi iliachana na Evolution katikati ya muongo uliopita, na mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba WRX mpya, mrithi wa Impreza ya turbo, haitapata STI ya petroli. Supra mpya ilikuja ikiwa otomatiki pekee, wapenzi wakalalamika, na Toyota ikawaongezea ya gia za mkono kwa modeli ya 2023. Kampuni haikuwadanganya. Ilitangaza wazi kwamba kufika maili 60 kwa saa, otomatiki inachukua sekunde 3.9, ya pedali tatu sekunde 4.2. Waliotaka pedali tatu walizisoma namba hizo, wakalipa.