Muziki Asiousikia Mlinzi

Mlinzi wa gemu za Metal Gear Solid ana masikio makali. Ukikanyaga dimbwi anageuka, ukikimbia juu ya sakafu ya chuma anakuja, na ukigonga ukuta kwa makusudi anaacha lindo lake aende kuchungulia kona tupu. Lakini kuna kitu kinacholia karibu saa zote ambacho hakisikii hata kidogo, nacho ni muziki. Huo ni wako wewe mwenye pedi. Nikiulizwa kwa nini nyimbo za mfululizo huu zimeganda vichwani mwa watu, jibu langu linaanzia hapo: muziki ule unakupa habari za lindo huku mwenye lindo hana habari.

Wengi wetu kampuni ya Konami ya Japani tuliijua kwa mpira, yaani Winning Eleven na baadaye Pro Evolution Soccer, kwenye vibanda vya gemu ambamo runinga haisikiki kwa kelele za wanaosubiri zamu. Metal Gear haichezeki kibandani namna hiyo. Ni gemu ya kunyemelea, na anayenyemelea bila kusikia anakamatwa mapema.

Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta ya MSX2. Mtunzi wake, Hideo Kojima, alikabidhiwa kazi ya kutengeneza gemu ya vita, lakini mashine ile ilielemewa pale maadui na risasi zilipojaa kwenye skrini. Akageuza kibao: shujaa wake aepuke vita badala ya kuvitafuta. Chipu ya sauti nayo ilikuwa na uwezo wa kutoa noti tatu tu kwa pamoja. Kwa noti hizo tatu palipatikana mpango ambao haujaachwa hadi leo: kipande kimoja cha kunyemelea, na kingine kinachokurupuka pindi unapoonekana. Katika gemu ya pili, ya mwaka 1990, Konami iliweka chipu yake ya ziada ndani ya katriji yenyewe na kuongeza njia tano za sauti. Ndiyo maana besi ya Metal Gear 2 ina unene ambao MSX ya kawaida haikuwa nao.

Hapa inafaa kueleza ugumu wa kazi yenyewe. Mtunzi wa muziki wa filamu anajua kwamba mlango utafunguliwa sekunde ya arobaini, basi anaandika akiisubiri sekunde hiyo. Mtunzi wa gemu hajui. Mchezaji mmoja atapita ukumbini kwa nusu dakika, mwingine atajikunyata nyuma ya kreti robo saa akihesabu hatua za mlinzi. Kwa hiyo kipande cha kunyemelea hutungwa kizunguke bila kuonyesha mshono. Hakiwi na kilele, wala melodi tamu mno, kwa sababu utamu ukirudiwa mara ishirini unageuka kero. Kinachobaki ni mvumo wa chini, mapigo machache na nafasi nyingi tupu. Kipande cha hatari kina masharti kinyume: hakina ruhusa ya utangulizi. Kinatakiwa kiingie na pigo lake zito wakati wowote mchezaji atakapokosea, na hakuna ajuaye atakosea saa ngapi.

Metal Gear Solid ya mwaka 1998, kwenye PlayStation, ndiyo iliyoupeleka mpango huu duniani kote. Mashine ilikuwa na njia 24 za sauti, lakini kumbukumbu yake ya sauti haikuzidi kilobaiti 512, na kusoma kitu kutoka kwenye diski kulichukua muda. Linalotakiwa kulia papo hapo lilipaswa kuwa karibu, na kuwa dogo. Ukionekana, alama ya mshangao inachomoza juu ya kichwa cha mlinzi pamoja na mlio mfupi mkali ambao leo unatambuliwa hata na watu wasiowahi kuigusa gemu hiyo. Mimi nauhesabu kuwa muziki, tena huenda ndio mfupi kuliko wote unaokumbukwa. Baada yake ngoma zinaanza, na rada iliyokuwa ikikuonyesha walinzi walipo inavurugika. Macho yako yamepokonywa msaada wao na masikio yanabaki na kazi yote. Ukifanikiwa kujificha, muziki unapungua ukali huku tarakimu zikihesabu kurudi nyuma. Hatari haijaisha ila inalegea. Kisha mvumo wa chini unarejea na unagundua kwamba ulikuwa umebana pumzi.

Gemu hiyo ilikuwa pia na wimbo maarufu wa utangulizi, uliotungwa na Tappi Iwase, ukawa kama bendera ya mfululizo mzima kwa miaka kadhaa. Halafu ukatoweka. Watu waliona unafanana na utunzi wa Mrusi Georgy Sviridov, na Norihiko Hibino, mmoja wa watunzi wa Konami, alieleza baadaye kwamba hapakuwa na wizi wowote, ila kampuni iliingiwa na hofu ikaona heri kuuweka kando. Metal Gear Solid 4 ilitoka bila wimbo huo. Nikisikiliza kazi hizo mbili nausikia mfanano, lakini sisikii nakala.

Kwa gemu ya mwaka 2001, Kojima alimwendea mtunzi wa filamu, Mwingereza Harry Gregson-Williams, baada ya kuvutiwa na muziki wake katika filamu ya The Replacement Killers. Kazi ikagawanywa: Gregson-Williams akachukua sehemu za kutazama, Hibino akachukua sehemu za kucheza. Magazeti yalimshangilia wa kwanza. Kwangu aliyebeba mzigo mgumu ni wa pili, maana ndiye aliyemwandikia mchezaji asiyetabirika.

Hibino huyo ndiye aliyetunga Snake Eater, wimbo wa gemu ya tatu ya mwaka 2004. Hadithi inatokea Urusi ya Kisovyeti mwaka 1964, mwaka uleule ilipotoka filamu ya James Bond iitwayo Goldfinger, na wimbo umevaa mavazi ya enzi hizo: tarumbeta zinazotamba, nyuzi pana, na sauti ya Cynthia Harrell anayeimba kana kwamba hakuna jambo lolote la kuchekesha hapa. Lipo. Katika gemu hiyo shujaa anashibisha njaa yake kwa nyoka na vyura anaowawinda porini, na wimbo unamtaja chura bila haya yoyote. Ukisikika mwanzoni, unacheka kidogo na kuendelea.

Saa kadhaa baadaye unakutana na mzee anayeitwa The End, mdunguzi aliyejificha katika msitu mkubwa. Pambano hilo linaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Muziki karibu haupo. Kuna ndege, majani, na mzee anayepumua mahali fulani usipopaona. (Ukiwa na subira ya aina nyingine, unaweza kuhifadhi gemu, ukaja kuendelea baada ya wiki, ukamkuta amekufa kwa uzee. Bado sijaona ucheshi wa gemu unaoushinda huo.) Ukimaliza, unaingia ndani ya mlima na mbele yako kuna ngazi ya chuma inayopanda juu. Unapanda. Hakuna mlinzi wala mtego, na hakuna cha kufanya zaidi ya kubonyeza kuelekea juu kwa karibu dakika mbili. Katikati ya safari inaingia sauti ya Harrell, bila ala hata moja, ikiimba wimbo uleule uliokuchekesha mwanzoni.

Kwa nini inafanya kazi? Kwanza, kwa saa nzima masikio yako yamefunzwa kutafuta uhai wa adui katika kila mchakacho, hivyo sauti ya binadamu inaingia mahali palipokwisha kusafishwa. Pili, Kojima hakukupokonya pedi. Angeweza kuonyesha picha za milima huku wimbo ukilia, ukaenda jikoni kutafuta maji. Badala yake kidole chako ndicho kinachoendesha wimbo. Ukiacha kupanda, unaning'inia tu gizani. Tatu, wimbo umepoteza tarumbeta, na pamoja nazo majigambo yote. Maneno hayajabadilika, ila sasa unayaelewa kuwa ya mtu aliyechoka.

Mwishoni mwa gemu wimbo unarudi mara nyingine, katika pambano la dakika kumi kati ya shujaa na mwalimu wake, kwenye uwanja wa maua meupe. Mwalimu anaanguka, muziki unakatika, na gemu inangoja. Hakuna kitakachotokea mpaka wewe mwenyewe ubonyeze kitufe cha kufyatua. Nimewaona watu wakiiweka pedi chini pale.

Gemu ya nne, ya mwaka 2008, inaishi kwa kumbukumbu. Shujaa aliyezeeka anarudi Alaska, kwenye kisiwa cha gemu ya 1998, na unalia tena The Best Is Yet to Come, wimbo wa Rika Muranaka ulioimbwa kwa Kiairishi na Aoife Ní Fhearraigh. Katika pambano la mwisho, muziki na hata muundo wa mistari ya uhai vinabadilika hatua kwa hatua kufuata gemu zilizotangulia. Ni uchokozi wa hisia wa waziwazi, na mgeni hataambulia kitu.

Kisha The Phantom Pain ya mwaka 2015, muziki mkuu ukiwa wa Ludvig Forssell, ikafanya jambo jipya. Hadithi ni ya mwaka 1984, Afghanistan na mpakani mwa Angola na Zaire, na shujaa anatembea na kinasa kanda. Unaokota kaseti kambini mwa adui: A-ha, Kim Wilde, hata The Final Countdown, wimbo uliotoka miaka miwili baada ya tarehe ya hadithi. Sasa mchezaji ndiye anayechagua kinacholia, na mtunzi amebaki kusubiri. Kitu fulani kimepotea. Hakuna ngazi katika gemu hii, kwa maana ile. Lakini kaseti hizo zinaweza kupigwa kwa spika, na kwa mara ya kwanza mlinzi naye anasikia. Moja ina mirindimo ya askari aliyeshikwa na tumbo la kuhara. Ukijificha chooni adui akakaribia mlango, iwashe: atageuza njia mwenyewe.