Dozi Kubwa na Dozi Isiyotarajiwa: Modeli za Kitakwimu na Tiba katika Homa Bay na Migori

Utangulizi

Kwa mujibu wa utafiti wa KENPHIA wa mwaka wa 2018, asilimia 19.6 ya watu wazima katika Kaunti ya Homa Bay, na takriban asilimia 13 katika kaunti jirani ya Migori, walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Pale penye wagonjwa wengi hivyo, maagizo ya dawa nayo huwa mengi, na si rahisi kuyakagua yote kwa macho. Makala haya yanafafanua jinsi modeli za kitakwimu zinavyoweza kutambua dozi inayozidi matarajio, na kwa nini uamuzi wa mwisho hauna budi kubaki kwa mhudumu.

Kubwa na isiyotarajiwa

Dhana hizi mbili hukaribiana lakini hazilingani. Mfano mwafaka ni dolutegraviri, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye uzito wa kilo 6 hadi 9.9 hupewa kidonge kimoja na nusu cha miligramu 10, yaani miligramu 15 kwa siku. Mtu mzima hupewa kidonge kimoja cha miligramu 50. Neno "kidonge" peke yake, basi, halimwelezi mzazi nguvu ya dawa.

Mtoto wa kilo 8 akiandikiwa miligramu 50, dozi hiyo ni zaidi ya mara tatu ya inayomfaa. Hata hivyo, kikomo kimoja kwa wagonjwa wote hakitalinasa kosa hilo, kwa kuwa 50 ni nambari ya kawaida katika kumbukumbu. Kwa upande mwingine, mtu mzima anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini huipunguza dolutegraviri mwilini. Miligramu 100 ni nyingi, lakini kwake zinatarajiwa. Kila chombo kwa wimbile.

Modeli inavyofanya kazi

Modeli hujifunza kutokana na kumbukumbu nyingi za awali, mfano zile za KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya programu ya OpenMRS na kuanza kutumika mwaka wa 2012. Kwa kuzingatia umri, uzito na dawa nyingine za mgonjwa, hukadiria dozi inayotarajiwa pamoja na upana wa tofauti za kawaida. Dozi iliyoandikwa ikivuka upana huo, modeli hutoa ishara.

Aidha, modeli ina udhaifu wake. Isipopewa habari za rifampisini, itaitilia shaka dozi iliyo sahihi. Kilo 8 zikiandikwa 28, miligramu 50 zitapita bila kushukiwa. Kosa likizoeleka katika kumbukumbu, modeli hulichukua kuwa kawaida. Nazo ishara za bure zikizidi, wahudumu huzipuuza zote, pamoja na ile ya kweli.

Hitimisho

Ishara ya modeli ni swali kwa mhudumu. Jibu hupatikana kwa kumpima mtoto upya, kulisoma jalada lake na kumuuliza mzazi anampa vidonge gani. Swali hilo, liulizwe kwa Dholuo au kwa Kiswahili, halina budi kutaja miligramu.