Mabingwa wa Gigahezi

Namba ya gigahezi iliyoandikwa kwenye boksi ni kikomo, wala si kasi ya kila saa. Prosesa za leo hupanda na kushuka zenyewe mara nyingi ndani ya sekunde moja, kufuatana na kazi, joto na mpangilio wa umeme uliouchagua. Hawa hapa ndio vinara.

Ya kwanza kufika gigahezi 1 madukani: Athlon ya AMD, tarehe 6 Machi 2000. Intel ilijibu kwa Pentium III siku mbili baadaye.

Yenye kasi zaidi kutoka kiwandani: Core i9-14900KS ya Intel, Machi 2024, ilitoka na kikomo cha gigahezi 6.2, ambacho hakuna prosesa ya kompyuta za mezani iliyokuwa imekifikia. Ikikosa kazi, hiyohiyo hushuka hadi megahezi 800.

Iliyosukumwa kupita kiasi: Mwezi huohuo, fundi wa Uswidi ajulikanaye kama Elmor aliipoza prosesa ya aina hiyo kwa heli ya kimiminika, akaifikisha megahezi 9,117. Rekodi imesogea kidogo tangu hapo. Kasi ya namna hiyo ni ya kupigia picha tu, hudumu kitambo kidogo.

Iliyopunguza kasi kwa faida kubwa: Pentium III ya laptopu, Januari 2000, ilikuja na SpeedStep. Ikiwa kwenye chaja ilikwenda megahezi 650 kwa volti 1.6, ikibaki na betri, 500 kwa volti 1.35. Kasi ilipungua kwa asilimia 23, lakini umeme wa kuiendesha ulipungua kwa takriban asilimia 45. Sababu ni kwamba matumizi ya umeme hufuata kasi na pia kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo volti ikishuka kidogo, unaokoa umeme mwingi.

Mpangilio wenye jina la kupotosha zaidi: `powersave` ya Linux. Kwa dreva ya `acpi-cpufreq`, huibana prosesa kwenye kasi ya chini kabisa hata kazi ikizidi. Kwa `intel_pstate`, kwa kawaida jina hilohilo huiruhusu ipande kazi inapoongezeka. Kabla ya kulaumu mashine, soma faili la `scaling_driver`, kisha `scaling_governor`, ndani ya `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/`.

Unaosifiwa kuliko unavyostahili: `performance`. Husaidia pale kazi inapokuja kwa vipande vifupi vifupi, maana prosesa haingoji kupandishwa. Kwa kazi nzito ya mfululizo, mipangilio ya kawaida nayo huifikisha juu, hivyo tofauti huwa ndogo.

Mashine ikichemka, itajipunguza kasi hata uweke mpangilio gani. Safisha feni kwanza, acha mpangilio wa wastani, na `performance` iwekee seva au studio ya muziki.