Hotuba za Sherehe na Madaftari ya Kazi

Tarehe 27 Desemba, 1892, ukumbi mkubwa wa Sorbonne mjini Paris ulijaa wageni wa heshima. Siku hiyo Bwana Louis Pasteur, mtaalamu mashuhuri wa Ufaransa, alitimiza miaka 70. Aliingia akishikwa mkono na Rais Sadi Carnot. Dakta Joseph Lister wa Uingereza alimsifu, kisha wakakumbatiana mbele ya watu wote. Kwa kuwa sauti ya mzee ilikuwa dhaifu, hotuba yake ya shukrani ilisomwa na mwanawe.

Mwaka uliofuata, habari za sherehe hiyo zilipigwa chapa kuwa kitabu. Kwa hiyo hata leo msomaji aweza kujua ni nani waliohudhuria na ni maneno gani yaliyonenwa.

Sababu ya heshima hiyo yafahamika. Mwezi wa Julai, 1885, Joseph Meister, mvulana wa miaka 9, aliletwa kwa Pasteur akiwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa mtaalamu wa kemia, wala hakuwa daktari. Kwa hiyo sindano zilipigwa na daktari. Dawa yenyewe ilitokana na uti wa mgongo wa sungura wenye ugonjwa huo, uliokaushwa hewani ili kupunguza nguvu ya sumu. Mtoto alipona. Watu wa nchi nyingi wakachanga fedha, na tarehe 14 Novemba, 1888, Taasisi ya Pasteur ikafunguliwa. Meister mwenyewe alipokuwa mtu mzima akawa bawabu wa hapo.

Habari hizo husimuliwa kila mara Taasisi hiyo inapoadhimisha miaka yake. Lakini zipo hati za namna nyingine, nazo ni madaftari ambamo Pasteur aliandika majaribio yake siku kwa siku. Yeye aliwaagiza jamaa zake wasimwonyeshe mtu yeyote. Yalifichwa kwa miaka mingi, mpaka mjukuu wake alipoyatoa kwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mwaka 1964.

Wataalamu waliposoma madaftari hayo, waliona mambo yasiyotajwa katika hotuba. Mwaka 1881 Pasteur alikuwa amewachanja kondoo dhidi ya kimeta hadharani, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort. Waliochanjwa waliishi, na wasiochanjwa walikufa. Watu walidhani kwamba chanjo hiyo ilipunguzwa nguvu kwa hewa, kama alivyokuwa akieleza. Daftari laonyesha kwamba ilitengenezwa kwa dawa ya kemia, kwa njia ya msaidizi wake, Charles Chamberland. Tena, kuhusu Meister, daftari laonyesha kwamba majaribio ya njia ile ile kwa mbwa yalikuwa hayajakamilika.

Mwaka 1995 Gerald Geison, mwanahistoria wa Marekani, alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Wengine walimpinga vikali, akiwamo mtaalamu Max Perutz, aliyesema kwamba Pasteur alihukumiwa isivyo haki. Maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa ni nadra sana kupona. Na mtoto aliyeumwa hawezi kungoja majaribio yamalizike.

Msomaji asidhani kwamba madaftari yameifuta sherehe. Chanjo ilifaa, na watu wengi waliokolewa kwayo. Lakini kitabu cha sherehe chaonyesha jinsi watu walivyomheshimu Pasteur, na daftari laonyesha jinsi kazi ilivyotendeka, pamoja na mashaka yake na jasho la wasaidizi. Kama jamaa zake wangaliyachoma moto madaftari yale, sehemu ya Chamberland katika kazi ya Pouilly-le-Fort isingalijulikana kwa hakika. Kwa sababu hiyo taasisi ya utafiti yapaswa kuhifadhi hati zake zote, hata zile ambazo hakuna atakayependa kuzisoma siku ya sherehe.